Fatiha Saba Kabla ya Nyanya

Ukipita mbele ya kitalu cha Mzee Maneno, pale mteremkoni Nyamirambo chini kidogo ya msikiti, usidhani utapita hivi hivi. Unaweza kuwa unakwenda zako kununua mkate, huna habari na mtu, mara unasikia, "Wewe! Vitunguu bado! Rudi baada ya wiki mbili!" Na wewe hujatamka neno vitunguu tangu uzaliwe.

Watu walimvumilia kwa sababu miche yake ilishika. Kabichi, nyanya, nyanya chungu, sukuma wiki, pilipili, mchicha ule ambao Kigali nzima huuita dodo, vyote vilitoka kwenye makopo na maganda yake ya mgomba vikiwa vimesimama wima. Bustani nyingi za jikoni za mtaa ule zilianzia mikononi mwake. Na kalenda yake ilikuwa fupi, haikuhitaji karatasi: mvua za umuhindo zikianza Septemba, panda, mvua za itumba zikianza Februari, panda, kiangazi kikiingia Juni, mwagilia au nyamaza. Mvua ikinyesha na mtu bado hajashika jembe, Maneno alimtazama kama mtu aliyesinzia msikitini Ijumaa hotuba ikiendelea.

Sasa, huyu Maneno ana mtoto mmoja tu, binti, jina lake Yasmina. Alimlea katikati ya makopo hayo. Yasmina alijua kuhamisha mche bila kuukata mzizi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akakua, akaolewa na Usumani, kijana wa hapo hapo Nyamirambo anayeendesha malori Kanada, akamfuata mumewe huko kwenye mji unaoitwa Winipegi. Siku ya kuondoka Mama Yasmina alilia mpaka sauti ikakauka. Maneno hakulia. Alisema uwanja wa ndege una nyasi zilizokatwa vibaya.

Mwaka wa kwanza Yasmina alikaa ghorofani bila hata kopo la udongo. Kisha mwishoni mwa Agosti akapiga simu akicheka peke yake. Chama cha bustani cha mtaa wao kilikuwa kimempa kipande cha ardhi cha mtu aliyehama.

"Baba, nipande lini?"

Maneno alikuwa na mteja mkononi. Akamwacha amesimama na kabichi zake.

"Lini? Leo! Umuhindo huo unabisha hodi, wewe unasubiri barua?"

"Lakini Baba, watu wa huku wanavuna. Wanafunga bustani zao, wanarudisha majembe ndani..."

"Wavivu hao wasikupoteze! Sikio halipiti kichwa, mwanangu. Panda."

Yasmina akapanda. Nyanya, maharage, dodo. Jua bado lilikuwepo, vikaota haraka, picha zikaja kwa simu kila siku. Maneno aliwaonyesha wateja, akamwonyesha imamu, akamwonyesha hata dereva wa moto, zile pikipiki za abiria, aliyesimama tu kujibu simu yake mwenyewe. "Kanada hiyo!" alisema. "Udongo ni udongo."

Wiki ya nne ikaja picha nyingine. Majani yalikuwa meusi, yamelala chini kama nguo zilizoanguka kwenye kamba, na juu yake kulikuwa na kitu cheupe. Maneno akaikuza picha kwa vidole viwili, akakunja uso.

"Nani kamwaga unga shambani mwako?"

"Si unga, Baba. Ni baridi. Imeshuka usiku."

"Baridi haina rangi, Yasmina! Tazama vizuri majirani zako. Hapo kuna mtu ana kijicho."

Jirani wa bustani alikuwa mmoja tu, bibi wa kizungu wa miaka themanini, ambaye wiki ile ile alikuwa amemletea Yasmina chupa ya jemu aliyoipika mwenyewe. "Huyo huyo!" akasema Maneno. "Jemu ya nini? Mmejuana wapi?" Wiki mbili nzima bibi wa watu alikuwa mshitakiwa Nyamirambo, na mwenyewe hana habari, anakoroga jemu yake.

Ungedhani mtu angejifunza. Februari, itumba ilipoangusha mvua yake ya kwanza, Maneno hakumaliza hata chai.

"Yasmina! Msimu!"

"Baba, theluji imenifika kiunoni."

"Theluji ni maji au si maji?"

"Ni maji, lakini..."

"Basi shamba limeshiba. Mkulima gani anamkimbia Mungu akimletea maji? Chukua jembe."

Mtoto aliyelelewa vizuri ana shida yake: anatii. Yasmina alivaa makoti mawili, akaenda bustanini, akafukua theluji kwa koleo nusu saa, akaisimamisha simu juu ya uzio ili baba aone, akainua jembe. Jembe likatua. Ngo! Likaruka juu na kumrudia, mpini ukapasuka, na Yasmina akakaa chini ameshika kifundo cha mkono.

"Kwa nini unalima barabarani?" Maneno akauliza.

"Hii si barabara, Baba," Yasmina akasema, na safari hii hakucheka. "Hili ndilo shamba."

Mkono ulifungwa bendeji wiki tatu. Siku ya pili alipiga simu, akamsalimia baba yake kwa adabu zote, kisha akasema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, "Baba, usikasirike. Mambo ya kupanda nitamwuliza yule bibi. Ana kalenda yake, anaifuata miaka thelathini. Sisi tuongee mengine."

Mengine! Mengine yapi? Maneno alikaa na simu mkononi baada ya kukatika, akayatafuta hayo mengine, hakuyaona. Mpira hakufuata. Habari za wagonjwa zilimchosha. Tangu binti yake aanze kusema, wawili hao walizungumza mbegu, mbolea, wadudu na mvua, na ndani ya hayo wakaambiana yote waliyotaka kuambiana. Sasa kila Jumapili Yasmina alipiga kwenye simu ya mama yake. Baba alipewa salamu, "Hujambo, sijambo, mkono unaendelea vizuri," kisha simu ikarudi kwa Mama Yasmina, aulizwe pilau inatiwa bizari kiasi gani. Maneno alikaa pembeni kama mtu aliyefutwa kazi akaambiwa lakini aendelee kuja kunywa chai. Iliuma. Hakumwambia mtu, lakini iliuma mpaka akaacha kuwafokea wapita njia, na hapo ndipo mtaa ukajua mzee anaumwa.

Aliyemtibu ni Ilyasi, mwenye duka la vinywaji na samaki ng'ambo ya barabara, mtu mnene asiye na haya ya ulimi.

"Mzee Maneno, hebu niambie," Ilyasi akasema siku moja akifungua soda. "Hiyo baridi unayobishana nayo, umewahi kukutana nayo?"

"Naijua baridi. Julai alfajiri hapa huvai sweta?"

"Sweta!" Ilyasi akacheka mpaka soda ikamwagika. "Mzee, baridi ninayo mimi humu dukani. Wewe unaijua kwa jina tu."

Maneno akatazama ndani ya duka. Kulikuwa na friza kubwa la samaki, na kando yake friji kuukuu ya soda ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa ukiota barafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee huyu alikuwa hajainama miaka arobaini. Siku ile akainama.

"Ilyasi, ndugu yangu," akasema, "nipe nafasi kidogo. Nataka kulaza wageni."

Jioni alivuka barabara na trei ya kwanza: kila aina ya mche, mmoja mmoja, akawapanga wageni wake ndani ya friza katikati ya samaki wa Ziwa Kivu. Alfajiri baada ya sala alikuwa wa kwanza mlangoni. Miche yote ilikuwa imekufa. Kabichi imekufa, nyanya imekufa, kitunguu kimekuwa uji. Maneno alisimama na trei ile kama mtu aliyetoka kuzika, akasema, "Kumbe ndiyo hiyo." Akakumbuka mpini uliopasuka na kifundo cha mwanawe, akaona aibu, aibu ya kweli ya kuchoma masikio.

Lakini alikuwa mkulima, na mkulima hapandi mara moja akaacha. Trei ya pili akaiweka kwenye friji ya soda, imeegemea ule ukuta wa barafu. Usiku miche inalala humo, mchana anaitoa juani, siku tatu mfululizo. Ilyasi alilalamika mno. Mteja aliagiza Fanta baridi akapewa pilipili hoho ikiwa na mizizi yake. Mwingine akauliza kama siku hizi duka limeanza kuuza saladi. "Siku tatu tu, mzee!" Ilyasi alipiga kelele. "Ya nne nakupikia hao wageni wako!"

Siku ya tatu Maneno aliisimamisha trei juu ya meza ya duka, akaita, "Ilyasi! Njoo uone ajabu!" Nyanya ilikuwa nyeusi. Nyanya chungu, pilipili, maharage na dodo, vyote vimelala. Lakini kabichi imesimama! Sukuma wiki imesimama, kitunguu kimesimama, njegere nayo imesimama, ina baridi kidogo usoni lakini ipo. Maneno aliicheka ile kabichi kama amemwona ndugu aliyepotea.

"Kumbe si mvua," akasema polepole. "Huko hawapandi kwa mvua. Wanapanda kwa baridi. Wengine wanatangulia, wengine wanasubiri wakubwa wapite."

Akafanya jambo jingine, na hili ndilo lililomfanya Ilyasi aanze kumwogopea akili. Alitia mkono ndani ya friji, akaubandika kwenye udongo wa trei iliyolala humo, akaanza kusoma Fatiha. Maneno hakuvaa saa maisha yake yote; wali wake, chai yake, hata mbegu za kuloweka, vyote alivipima kwa Fatiha. Akajaribu siku kadhaa, akisogeza makopo ya nyanya karibu na mlango, mbali na mlango. Pale ambapo mkono ulishindwa baada ya Fatiha tatu au nne, nyanya ilikufa. Pale ambapo mkono ulifika saba bila kuomba msaada, nyanya iliamka salama. Ilyasi alifunga duka saa ya chakula cha mchana wiki ile, maana nani ataingia kununua samaki mahali ambapo mzee anasomea friji?

Basi Maneno akapata elimu, lakini hakuwa na mtu wa kumpa. Mwanzoni mwa Mei, Jumapili, Yasmina akiongea na mama yake, mzee akajikohoza pembeni.

"Mwambie kabichi, vitunguu na njegere vitangulie. Nyanya na maharage visubiri."

Mama Yasmina akafikisha. Jibu likarudi, "Mwambie Baba ahsante, nimeshavipanda hivyo. Kalenda ya bibi imesema hivyo hivyo. Nyanya ni Jumapili ya mwisho ya mwezi."

Hivyo hivyo! Wiki nzima amelala na samaki, na yule bibi aliyajua yote kwenye karatasi ukutani! Maneno alifurahi kwamba amepatia, na akakasirika kwamba amepatia bure, vyote kwa pumzi moja. Akaenda kumwagilia miche ambayo alikuwa ameshaimwagilia.

Jumapili ya mwisho ya Mei ikafika. Saa tisa alasiri ya Kigali, asubuhi ya huko. Yasmina alimpigia mama yake aone bustani. Kabichi zake zilikuwa zimeshika vizuri. Trei ya miche ya nyanya na maharage, aliyoikuza dirishani tangu Machi, ilikuwa tayari pembeni ya shimo la kwanza, na kwenye tuta lake mwenyewe bibi wa kizungu, kofia kichwani na kalenda mfukoni, alikuwa tayari anapanda zake. Maneno akasogea, akaingiza uso kwenye simu.

"Yasmina. Sikuamrishi. Nakuomba. Vua viatu."

"Baba?"

"Vua viatu na soksi, simama udongoni. Nitasoma Fatiha saba. Ukizimaliza, panda. Ukishindwa, rudisha miche nyumbani."

"Baba, kalenda inasema leo. Jua linawaka, huoni?"

"Jua naliona. Nakuuliza udongo."

Mama Yasmina alimtazama mumewe kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema nakuomba. Pengine Yasmina naye alilisikia. Akavua viatu. Maneno akaanza kusoma. Ya kwanza, Yasmina anatabasamu. Ya pili, anabadilisha mguu. Katikati ya tatu akaruka nje ya tuta akipiga kelele, ameshika vidole, na bibi wa kizungu akacheka mpaka akaegemea jembe lake.

"Bado," Maneno akasema kwa sauti ndogo.

Yasmina alifuta miguu. Alimtazama bibi, akaitazama trei yake, miezi miwili na zaidi ya kazi, kisha akaitazama simu.

"Baba," akasema, "nimeshakusikiliza mara mbili."

Simu ikakatika.

Siku tatu zilizofuata Maneno hakula vizuri. Alijihesabia makosa. Kama bibi yuko sahihi, basi yeye ni mzee mwenye kelele aliyesomea friji, na mwanawe hatamwuliza jambo tena mpaka siku ya kumzika. Akimwombea binti yake mavuno anajiombea aibu. Akijiombea heshima anaiombea bustani baridi. Mwishowe akaamua kuomba nyanya zipone, hata kama ni kwa kalenda. Ilimgharimu, lakini aliomba hivyo, na alimaanisha.

Jumatano, saa tisa, simu ikalia. Haikuwa ya mama. Ilikuwa yake, mfukoni mwake, na mikono yake ilikuwa na udongo hata akakosa kuishika mara ya kwanza.

Alichokiona ni tuta la bibi. Nyanya zote zilikuwa nyeusi, zimelala, na unga ule mweupe bado ulikuwa kwenye majani yaliyokuwa kivulini. Kisha picha ikageuka akamwona bibi mwenyewe, amesimama, viatu vyake vikubwa vya bustani ameviweka kwapani, miguu mitupu myeupe ndani ya udongo.

"Miche yangu ipo, Baba," Yasmina akasema. "Ipo dirishani, yote. Nilikasirika, nikaichukua nikapande. Nikaweka tena mguu chini. Vidole viliniuma kweli. Nikairudisha."

Maneno akaisogeza simu karibu na uso.

"Bibi anasema kwa miaka thelathini kalenda haijamfanyia hivi. Anataka kujua baba yangu anasoma nini." Akavuta pumzi. "Na mimi nataka kujua. Baba, nipande lini?"

Mzee akafungua kinywa. Jibu, ambalo maisha yake yote lilikuwa likimtoka lenyewe, halikuja. Alimwona mwanawe amesimama peku kwenye udongo wa nchi asiyoijua, anamngoja yeye.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Tusome tuone."

Wakasoma, mmoja Nyamirambo na mmoja Winipegi, na bibi akahesabu kwa vidole. Bibi alishindwa ya nne, Yasmina ya tano. Bado. Maneno akawaambia warudi Jumapili wajaribu tena, na kwamba siku ikifika, miche ile igawanywe nusu kwa nusu, bibi asikae bila nyanya mwaka mzima kwa kosa la karatasi. Kisha akaaga, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya makopo yake, na machozi yakaanza kumtoka bila kumwomba ruhusa.

Mukamana, mteja wake wa siku zote kutoka Gisozi, alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja kuchukua sukuma wiki. Akaweka kikapu chini, akashika kifua.

"Muzehe, iko nini? Umepata msiba?"

"Hakuna msiba, mama," Maneno akasema. "Mwanangu ameniuliza swali."

Mukamana akamtazama, akautazama mtaa kama kuna mtu wa kumsaidia kuelewa, akamrudia.

"Na umemjibu?"

"Nimemwambia sijui," akasema Maneno, akijipaka udongo uso mzima kwa kufuta macho, "avue viatu."